Amri ya Tano

Jumatatu, 12 Januari

Siku kubwa! Don Edgardo Ulate, mwenye kampuni, ameniita mezani kwake akanikabidhi maelekezo ya zana mpya. Mimi, Olman Zeledón! Miezi miwili na nusu nimekuwa nikisahihisha koma kwenye barua za wateja.

Zana yenyewe ni hii. Wakala wa akili mnemba anapewa kitabu chako chote cha majina ya simu, naye anakupangia makundi. Anaunda kikundi, anaongeza mtu, anaondoa mtu. Amri sita tu. Ukimwambia awaalike majirani, anawajua majirani. Ila wakala haoni matumbo ya programu. Anaona maelekezo peke yake. Sentensi akiisoma anaiamini, kisha anaifuata neno kwa neno. Nimekaa chini niliposikia hivyo. Miaka kumi na tisa niliandika matangazo ya vifo kwa nyumba ya maziko hapahapa Heredia, na wasomaji wangu walitazama jina na saa ya misa, basi. Hakuna aliyesoma vivumishi. (Ingawa hakuna marehemu aliyewahi kulalamika.)

Mkataba wangu unaisha tarehe 31. Nafasi ya kudumu ni moja: Mkuu wa Maelekezo. Nikiikosa, ni kurudi kuishi kwa dada yangu, ambaye ana kasuku wanne.

Mshindani wangu ni Xinia Arguedas, mjaribu wa programu. Ameshaandika rasimu yake. Nimeisoma. Maskini! "Amri ya tano. Ondoa mtu. Huondoa mtu kwenye kikundi. Mtu hubaki kwenye kitabu. Kikundi hubaki." Neno kikundi mara arobaini na moja. Nimehesabu mara mbili, kwa raha zangu. Niña Flory, mwalimu wangu wa darasa la nne, alikuwa akigonga rula mezani akisema neno likirudiwa kwenye ukurasa mmoja, mwandishi amesinzia. Xinia anakoroma.

Jumatano, 14 Januari

Kazi inakwenda. Kikundi nimekiita kikundi mara moja, kwa heshima. Baada ya hapo ni jumuiya, kundi, kikosi, ukoo, mduara. Kuongeza mtu nimekuita kukaribisha, kupokea, kukumbatia. Ukurasa unaimba!

Xinia alipita na kahawa akasoma begani kwangu. Akauliza kikosi na ukoo vina tofauti gani. Nikamjibu kuwa tofauti ni utamu. Akasema wakala hana ulimi, akiona maneno mawili atatafuta vitu viwili. Kisha akaniachia kikombe mezani bila kuombwa. Mjanja huyo, anataka nilegee. Anachuja kwa kitambaa, kwa subira, anamwaga maji polepole kama mtu asiye na deni la muda. Kahawa nzuri mno. Nimekunywa yote, kwa chuki.

Amri ya tano imenikwama. "Ondoa." Neno kavu! Mtu amekuwa na wenzake, wamesalimiana Krismasi, halafu unamwondoa, kama kiti?

Jumamosi, 17 Januari

Mpango. Don Edgardo hamsikilizi mtu yeyote duniani isipokuwa mama yake, doña Belarmina, miaka themanini na moja. Na doña Belarmina ndiye atakayeijaribu zana kwa mara ya kwanza, kualika watu kwenye sala yake ya Mtoto Yesu siku ya Candelaria, sikukuu ya mishumaa, tarehe 2 Februari. Watu themanini na sita! Kukosekana kwenye orodha hiyo si jambo dogo. Wapo waliohama benchi kanisani kwa sababu yake.

Nikaenda kumtembelea na kopo la biskuti za jibini. Nikamwomba anionyeshe makundi yake, kwa ajili ya utafiti. Yamo Majirani, Jamaa, Wanawake wa Kwaya. Kimo pia kikundi cha Wafanyakazi, maana don Edgardo kwa uvivu ameweka majina ya mama na ya ofisi kwenye kitabu kimoja. Na kuna kikundi kimoja kilichonigusa: Waliotangulia. Doña Belarmina hafuti namba ya mtu aliyekufa. Anao thelathini na mmoja humo, wa kwanza mumewe, na kwenye sala majina yao yanasomwa mmojammoja.

Kisha akaleta kitabu chake cha misa, akatoa kipande cha gazeti kilichogeuka rangi. Tangazo la mumewe! Langu! "Amepumzika Abelino Ulate, fundi viatu, aliyewatembeza wengi na sasa ameketi." Akaniambia, "Mwanangu, lile halikuwa tangazo. Wewe ulimsindikiza mzee wangu." Amelisoma kila Jumapili kwa miaka saba. Nilitaka kulia, na kusema kweli nililia.

Amri ya tano ilinishukia njiani, nilipofika kwenye mkuyu wa zamani. (Ulikatwa nikiwa bado navaa kaptura, lakini ndio huo, kila mtu anaelekezea hapo.) "Humpumzisha aliyemaliza safari yake kundini, na kumlaza pamoja na wenzake waliotangulia." Niliisoma kwa sauti. Mbwa wa jirani alinyamaza.

Jumanne, 20 Januari

Siku ya hukumu. Don Edgardo alisoma ya Xinia kwa dakika mbili. Yangu alisoma kwa dakika arobaini, akafuta macho mara moja. Alisema ni vumbi. Halafu akatushika mabega wote wawili: yote mazuri, mazuri sana, tutaangalia.

Tutaangalia! Nilitoka nikipiga mluzi.

Kwenye korido Xinia akaniambia taratibu, kama anayempa mtu habari za mgonjwa, kwamba don Edgardo hajawahi kutamka hapana tangu azaliwe. Muuza mafagio akija mlangoni, ananunua mawili ili asimkatae. "Tutaangalia yake ndiyo hapana yake, don Olman. Ya kwangu imeshawekwa kwenye zana tangu asubuhi." Akaongeza kwamba yangu ni nzuri, lakini ni nzuri kwa watu.

Wivu mtupu! Ingawa aliisoma yote. Aliikumbuka hata ile ya kukumbatia.

Ijumaa, 23 Januari

Xinia amekwenda Nicoya kwenye harusi ya dada yake. Atarudi Jumapili, tarehe 1. Ameacha karatasi kwenye kioo cha kompyuta yangu: "Don Olman, tafadhali usiguse faili la maelekezo. Hasa amri ya tano."

Hasa! Kumbe inamnyima usingizi!

Nilingoja wote waende kula wali na maharage. Saa sita na dakika kumi nikafungua. Toa lake, weka langu. Faili lake sikulifuta, mimi si mnyama. Nimelipumzisha kwenye folda ya pembeni.

Siku doña Belarmina atakapomsifia mwanawe jinsi zana inavyozungumza, nitatokea na kusema kwa unyenyekevu kwamba ni mimi. Hapo don Edgardo atanipa nafasi, maana kunikatalia hawezi.

Jumanne, 27 Januari

Nimeshinda kwa doña Belarmina nikimtazama wakala akifanya kazi. Amempa jina Chepita, na anamwekea simu kwenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Nasema wazi: sijaona kiumbe wa kupendeza hivi. Hachoki. Hafoki. Doña Belarmina alibadili mawazo mara tisa kuhusu wanakwaya, na Chepita alijibu mara tisa kwa upole uleule. Swali alilouliza ni moja tu, mkuyu wa kwenye anwani uko wapi. Doña akamjibu kwamba uko pale ulipokuwa siku zote. Chepita akashukuru.

Na anasoma! Mwaliko kwa Majirani umekwenda ukisema wanakumbatiwa. Ni neno langu hilo! Jirani mmoja mwanamume alipiga simu kuuliza atakumbatiwa na nani.

Halafu ikaja amri ya tano. Desemba iliyopita doña Eneida, wifi yake, alisema mbele ya watu kwamba tamale za doña Belarmina, zile za mahindi kwenye majani ya mgomba, hazina chumvi. Kwa hiyo Chepita akaamriwa amtoe kwenye orodha ya sala. Chepita akajibu: "Nimempumzisha doña Eneida. Yuko pamoja na waliotangulia. Pole sana, doña Belarmina."

Doña alifurahi kupita kiasi. Akasema kifaa hicho kina adabu kuliko ukoo mzima wa Ulate. "Kimenipa pole kwa sababu ya huyo wifi yangu! Nani mwingine alishawahi kunipa pole?"

Nilirudi kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Sikuhisi mvua.

Jumamosi, 31 Januari

Siku ya mwisho ya mkataba. Don Edgardo alinikwepa tangu asubuhi. Nilipoingia jikoni alitoka. Nilipotoka alijifanya anaongea na simu, na simu ilikuwa imelala kifudifudi mezani. Anaficha furaha! Saa sita kamili nilimbana mlangoni, nikauliza vipi kuhusu ile nafasi. Akanikumbatia kwa nguvu. Akanipa mfuko wa kahawa ya Tarrazú. Akasema mimi ni mtu mzuri sana, tuonane kwa mama Jumatatu, na mengine tutaangalia.

Kahawa! Mtu hapewi kahawa anapofukuzwa.

Tangu saa sita simu yangu kimya. Matangazo ya ofisi hayaji, hata ule utani wa Jumamosi wa mhasibu. Nadhani wanapanga kunishtukiza Jumatatu, mbele ya wageni. Nimepiga pasi shati jeupe.

Jumatatu, 2 Februari

Naandika nikiwa nimetulia. Si kweli, sijatulia.

Sala ilianza saa kumi. Sebule imejaa mpaka barazani. Mtoto Yesu kwenye majani yake, taa zinawaka na kuzima. Nilipata kiti safu ya pili, nyuma ya Xinia, aliyerudi jana na bado ana maua ya harusi kwenye nywele. Alinigeukia akatabasamu, akanong'ona kwamba anatumaini sikugusa kitu. Nikamsifia maua.

Doña Eneida alikuja bila mwaliko. Akaketi mbele kabisa, mkoba mapajani.

Rozari ikaisha. Kiongozi wa sala, mzee mwenye sikio moja zima, akachukua karatasi iliyoandaliwa na Chepita, akaanza kuwasoma waliotangulia. Abelino Ulate, raha ya milele umpe ee Bwana. Nasi tukaitikia, na mwanga wa milele umwangazie. Jina baada ya jina. Thelathini na mmoja.

La thelathini na mbili: Eneida Ulate.

Na mwanga wa milele umwangazie! Sote, kwa mazoea. Hata doña Eneida mwenyewe aliitikia. Ndipo akasimama, mkoba ukaanguka. "Belarmina! Mimi nimekufa lini?"

"Kwangu mimi ulikufa Desemba," doña Belarmina akajibu, "lakini sikumwambia mtu!"

Vicheko, kelele, mtu anatafuta maji. Kiongozi wa sala hakusikia lolote. Aliendelea. La thelathini na tatu: Olman Zeledón.

Nimeandika majina ya marehemu kwa miaka kumi na tisa. Langu sikuwa nimelisikia likisomwa. Linasikika fupi. Hakuna aliyeitikia. Vichwa vyote vikanigeukia, kimoja baada ya kingine, isipokuwa cha don Edgardo, aliyekuwa akitazama viatu vyake.

Xinia aliinuka, akaichukua simu kwenye kitambaa, akasoma. Akaja kuchuchumaa kando ya kiti changu. Akaniambia polepole kwamba Jumamosi, saa sita na dakika tano, don Edgardo alimwamuru Chepita amwondoe Olman Zeledón kwenye kikundi cha Wafanyakazi. Chepita akasoma maelekezo. Maelekezo yanasema kumlaza na wenzake waliotangulia. Kikundi chenye jina hilo kipo. Basi akamlaza.

Kwa hiyo unga umemwagika. Nimejua hivyo mbele ya watu themanini na sita na Mtoto Yesu, nikiwa na shati la kupiga pasi. Niliona aibu. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kuweka meza yangu, karibu na dirisha.

Aliyeniokoa ni doña Belarmina. Alimwita mwanawe kwa majina yake yote matatu. "Mtu wa kazi unamuaga ukimtazama machoni, Edgardo! Unampumzisha kwa simu, unampa kahawa, halafu unamwacha aje kusikia kwenye sala ya mama yako?" Don Edgardo alijaribu kusema tutaangalia. Akapigwa na leso.

Kisha doña akanijazia sahani mimi wa kwanza, tamale mbili na maji ya sukari guru. Maiti wa kwanza kuhudumiwa. Wa pili alikuwa doña Eneida. Alionja, akasema mwaka huu zina chumvi. Wakakumbatiana huku wanalia. Hilo amri yangu ya pili, ile ya kukumbatia, inaweza kujivunia.

Xinia alikaa barazani na simu. Nilimfuata. Alilikuta faili lake kwenye folda yangu ya pembeni, akalirudisha, akampa Chepita maagizo mawili. Dakika nne! Neno moja kwa kitu kimoja, na kila kitu kikarudi mahali pake. Doña Eneida akafufuka saa kumi na moja na robo, mimi dakika moja baadaye. Nilisimama nyuma yake na tamale yangu, nikasahau kutafuna. Lazima niseme ukweli: ile rasimu ya vikundi arobaini na moja, niliyoicheka, imefanya miujiza ambayo vivumishi vyangu havikuiweza. Huyu mwanamke ni hodari. Ni hodari kweli, na hakunisema mbele za watu.

Nikamwomba radhi. "Amri ya tano, don Olman," akasema kwa sauti ya katekisimu. "Usiue." Tukacheka mpaka akadondosha maua.

Jumatano, 4 Februari

Xinia ndiye Mkuu wa Maelekezo. Anastahili. Jambo lake la kwanza jana lilikuwa kumwomba don Edgardo anirudishe kwa majaribio ya wiki mbili, na don Edgardo, kama kawaida, hapana ilimshinda. Leso ya mama yake nayo ilisaidia.

Nikamuuliza Xinia kwa nini. Akasema sentensi inayoweza kuzika mtu mzima anayepumua si sentensi dhaifu. Inahitaji kushikwa usukani tu. Akasema pia kwamba amelisoma tangazo la don Abelino, doña Belarmina alimwonyesha, na kwamba alilisoma mara mbili. Mara mbili! Sijui nimfanyie nini mtu huyu.

Kazi yangu: amri zilezile sita kwa zana nyingine. Neno moja kwa kitu kimoja. Nimeapa. Amenitengenezea kahawa kabla sijaanza, na safari hii nimeinywa bila chuki yoyote.

Amri ya kwanza: "Unda kikundi." Safi. Amri ya pili: "Ongeza mtu kwenye kikundi." Nimetoka jasho, lakini nimeweza. Amri ya tatu: "Badili jina la kiku..." Mkono umegoma. Niña Flory bado yuko hai, anakaa Barva, anaweza kusoma. Nimeandika halaiki. Mara moja tu! Xinia ana jicho kali lakini moyo mzuri, atanielewa.

Amri ya nne imepita salama. Na ya tano nimeifikiria sana, kwa sababu kosa lilikuwa wazi: nilileta msiba mahali pasipo na msiba. Watu wanataka furaha. Zile habari za harusi ya Nicoya ndizo zilizonifungua macho. Nimeandika: "Humwoza mtu, na kumkabidhi kwa ukoo mwingine kwa shangwe."

Nimeiweka kwenye zana sasa hivi, Xinia akiwa kwenye chakula, ili aikute tayari. Nani atalalamika akiozwa?